Amani na watoto: tulale Sigi kando ya mto au tupande juu?

Mama Pacha wa Mbezi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu na Usambara Mashariki, upande wa Muheza. Shule zikifunga Desemba familia tatu tunatoka Dar kwenda Hifadhi ya Amani, tukalale kwenye mahema. Watoto wapo saba, mdogo ana miaka minne, mkubwa yuko kidato cha pili. Watu wazima sita, akiwemo mama mkwe wangu ambaye amesema habaki nyumbani kulinda kuku wakati sisi tunakula raha.

Ubishi uko hapa. Mume wangu anataka tulale Sigi, pale chini kwenye geti, kwa sababu mto uko palepale na ndoto yake ni kufungua zipu ya hema asubuhi akakutana na maji. Shemeji anasema tupande mpaka Amani yenyewe, kwenye bustani za Wajerumani, kuna ubaridi na mbu wachache. Halafu kuna rafiki yetu ametutumia picha za Lushoto, anasema tuachane na yote hayo, Usambara ni Usambara. Mimi sina upande. Ninachotaka ni watoto wachezee maji mchana na mimi usiku nipate usingizi.

Magari ni Noah mbili na Prado ya shemeji. Mahema ni ya kuazima. Nimeona picha mtandaoni watu wamepiga hema kwenye mchanga kabisa, maji yako hatua kumi hivi. Pamenivutia, siwezi kudanganya. Ila baba yangu alikulia kando ya Ruvu, na yule mzee alikuwa hakubali hata mbuzi afungwe karibu na mto usiku. Mngekuwa nyie mngelala wapi?

Kijana wa Tandale

Watu tunahangaika mwaka wa ngapi huu tulale kitandani, nyie mnalipia kulala chini. Haya, safari njema, mtuletee iliki.

Dereva wa Chai

Mama Pacha, salaam. Mie mtu wa Muheza, na ujana wangu karibu wote nimeumalizia kwenye lori la chai, kutoka Kwamkoro na Bulwa kushuka mpaka Tanga mjini. Sigi nimeipita mchana, usiku, jua na tope. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, uvumilie, maana hapo kwenye huo mchanga wako ndipo penye maneno.

Lushoto tuiweke pembeni kwanza. Ile ni Usambara Magharibi, na katikati pana bonde la Lwengera, si kwamba utalala huku uchungulie kule. Uzuri wake lami inafika: unaacha barabara kuu Mombo, unapanda Soni, umeingia. Na baridi yake si ya mchezo. Mgeni asiyetaka kuchafua kiatu mpeleke huko, atakushukuru. Lakini watoto wakitaka msitu wenye giza saa sita mchana, mbega juu ya miti, vinyonga, hondohondo wakipita unasikia mbawa zao kabla hujawaona, hapo ni Amani tu.

Sasa Sigi au juu. Sikiliza mlima ulivyo. Geti la Sigi liko kwenye mita mia nne na kitu kutoka usawa wa bahari, Amani yenyewe ni kama mita 900. Mawingu yanatoka Bahari ya Hindi, yanakuja moja kwa moja mpaka yanagonga ule mlima, na pale ndipo yanapoachia mzigo. Juu kule mvua ya mwaka ni karibu milimita 1,900, na hakuna mwezi utakaosema huu sasa ni wa kiangazi kweli. Kwa hiyo maji unayoyaona Sigi si ya mvua yako. Ni ya mvua ya watu wa juu. Wewe unaweza kuwa umeanika nguo jua linawaka, na mto unakushukia.

Nimeliona hilo kwa macho. Siku moja nimeegesha lori pale chini injini ipoe. Jua kali, vumbi. Kina mama wanafua, vijana wanaoga, na mmoja wao kaweka kipande cha sabuni juu ya jiwe kavu katikati ya maji. Mie nimeangalia juu, naona Amani haionekani, imefunikwa nyeusi. Nikawasha sigara. Kwanza yakaanza kupita majani, si mawili matatu, majani mengi na vijiti. Kina mama walipoona vile hawakuulizana, walikusanya nguo zikiwa na povu wakapanda juu. Vijana wakabaki wanacheka. Halafu maji yakageuka rangi, yakawa kama chai ya maziwa, na lile jiwe la sabuni likazama. Sigara yangu ilikuwa haijaisha. Vijana walitoka salama kwa sababu ilikuwa mchana na wanaona. Sasa wewe vuta picha ni saa nane ya usiku, uko ndani ya hema, zipu imekwama, na una mtoto wa miaka minne.

Ndiyo maana nasema usihesabu hatua kutoka majini, hesabu kimo. Hatua kumi kwenye mchanga ulio sawa na mto ni sawa na sifuri. Hatua kumi za kupanda ukingo ni jambo jingine kabisa. Mtu akikwambia "tulilala mita thelathini kutoka mtoni", muulize: thelathini za kwenda pembeni au za kwenda juu?

Na mto wenyewe unakuonyesha unafika wapi, ukitaka kuangalia. Simama kwenye huo mchanga, geukia vichaka. Utaona majani makavu, nyuzi, vifuko vya nailoni vimekwama kwenye matawi. Usidhani ni upepo. Mto uliviweka pale siku ulipojaa, na kama viko juu ya kiuno chako basi ujue maji yalifika juu ya kiuno chako. Angalia mawe: yaliyo meupe, laini, hayana hata ukungu, hayo huviringishwa mara kwa mara. Jiwe lenye ukungu mnene wa kijani limekaa zamani hapo bila kusumbuliwa. Angalia na miti. Mahali penye mti mkubwa ulionyooka, wenye umri wa babu yako, mto haujawahi kupachukua karibuni. Mahali penye magugu na vimiti laini tupu, pana sababu. Na huo mchanga mzuri wa kwenye picha, nani kauleta?

Kingine hakisemwi sana. Mto wa mlimani una kelele. Mchana unaona raha, usiku unameza sauti. Mtoto akiita kutoka hema la pili hutamsikia. Maji yakipanda vilevile hutayasikia, kwa sababu sikio limeshazoea mvumo. Watu wanadhani mto utawaamsha, na mvumo wenyewe ndio unaowalaza.

Kwa hiyo mie nachagua Sigi, lakini si mchangani. Ulizia sehemu ya juu, upande wa majengo. Wajerumani walijenga reli kutoka Tengeni kuja Sigi kubeba magogo, na nyumba ya mkuu wa kituo ipo mpaka leo, ndiyo wanayopokelea wageni. Reli ilishaondoka zamani, nyumba imebaki. Nenda kasimame pale, tazama mto ulipo chini, kisha usilale chini ya kimo hicho. Nyumba iliyokaa zaidi ya miaka mia moja kando ya mto haihitaji mtaalamu wa kuitetea.

Mumeo mpe kiti cha kukunja. Alfajiri ashuke nacho mchangani na chai yake, akae mpaka achoke. Usiku kila mtu juu.

Mkaaji wa Naivasha

Niko Kenya lakini acha niongeze moja, kwa sababu huyu mzee amesema ukweli mtupu. Sisi hapa tuna hifadhi ya Hell's Gate, yenye korongo jembamba. Lile korongo siku nyingi unapita ndani umevaa raba, maji ni kidogo kidogo tu kando ya mwamba. Aprili 2012 vijana wa kanisa walikuwa ndani, maji yakaja, wakafa saba. Septemba 2019 tena, kikundi cha watalii kikiwa na mwongozaji wao, wakafa saba. Maji ya mvua iliyonyesha juu yaliingia korongoni kwa ghafla na kuta ziko wima pande zote, utapandia wapi?

Kwa hivyo mimi nikifika kambi yoyote ya bondeni, kabla hata sijashusha begi, natafuta njia ya kutokea. Swali ni moja: nikiamshwa usiku, nitapanda mlima moja kwa moja ama itabidi nivuke kitu? Mara nyingi kambi iko salama na mto mkubwa, lakini kati yenu na barabara kuna kijito kidogo kimekauka. Hicho ndicho hujaa kwanza, na kinawafungia ndani.

Nesi wa Korogwe

Dada, mimi sitaongelea mafuriko, wameshamaliza. Naongelea mbu.

Shemeji yako hajakosea. Muheza tambarare malaria yake inajulikana, na si bure kwamba utafiti wa malaria ulifanyika Amani miaka mingi tangu enzi za Waingereza. Juu kuna nafuu, Sigi iko chini. Ukichagua Sigi basi fuata masharti yake. Hema lenye wavu uliotoboka si hema, ni chandarua kibovu. Mahema mliyoazima yafungueni nyumbani kabla ya safari, muingie ndani mchana, mfunge zipu, mtazame mwanga unaingilia wapi. Shona au bandika. Jioni ikianza kuingia watoto wavae mikono mirefu na soksi, na zipu isiachwe wazi hata kama wanatoka kukojoa tu, maana watoto saba watatoka kukojoa mara mia.

Mkirudi Dar, mtoto akipata homa ndani ya wiki mbili tatu msiseme ni uchovu wa safari. Kapimeni siku hiyohiyo na mwambieni daktari mlikuwa Muheza.

Kuhusu kuchezea maji: konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia, yenye majani majani pembeni. Wachezee panapokimbia juu ya mawe, pasipozidi magoti ya mdogo wao, na mtu mzima awe ndani ya maji, siyo juu ya jiwe na simu. Madimbwi yaliyosimama pembeni waachieni vyura.

Na maji ya kunywa mchemshe, hata kama yanaonekana safi. Mto uleule unakwenda mpaka bwawa la Mabayani na Tanga mjini wanakunywa, lakini wao wanasafishiwa kwanza. Kwa sababu hiyohiyo nawaomba msifulie wala kuosha sufuria mtoni na sabuni. Chota kwenye ndoo, osha mbali, mwaga kwenye udongo.

Mama Pacha wa Mbezi

Shikamoo mzee Dereva. Dada Nesi na ndugu yangu wa Naivasha, asanteni sana. Nimemsomea mume wangu yote, ile ya sabuni nimemsomea mara mbili. Amenyamaza, halafu akaja na hoja mpya: Desemba mvua za vuli zinakuwa zimekwisha, kwa hiyo mchanga utakuwa mkavu.

Maswali yamebaki matatu. Hoja yake ina ukweli? Noah zitafika? Na chakula, tunaweza kuokota kuni pale au tubebe mkaa? Mama mkwe ana lake: anauliza kuna nyoka.

Dereva wa Chai

Marahaba mwanangu.

Vuli kwa kawaida ni Oktoba mpaka Desemba, lakini huo ni utaratibu wa watu wa tambarare. Mlima ule haujawahi kukaa na kalenda. Desemba unaweza kukuta siku tatu za jua mfululizo, ya nne ikanyesha kutoka asubuhi mpaka jioni. Mngekuwa huru na tarehe ningewaambia Januari ikianza kukaa au Februari, ama Juni na Julai masika yakishapita, ingawa Juni na Julai mbebe masweta. Kwa kuwa ni likizo ya shule, nendeni Desemba, msiogope, ila kila jioni kabla giza halijaingia mtu mmoja ashuke mtoni aweke kijiti pale maji yanapoishia. Baada ya chakula aende na tochi akakitazame. Kikiwa kimezama, asubuhi msiwaruhusu watoto majini mpaka maji yarudi kuwa meupe. Mkiona maji yanapungua ghafla bila sababu, hiyo ni mbaya kuliko kupanda. Huko juu kuna kitu kimeziba, na kitaachia.

Noah. Muheza mpaka Sigi dereva mtulivu anafika na Noah isiyojaa, kama haijanyesha. Kutoka Sigi kupanda Amani ni kona juu ya kona, na udongo ule mwekundu ukilowa gari linalosukumwa na tairi mbili tu linageuka lenyewe bila kukuomba ruhusa. Kutoka Muheza hadi Amani ni kilomita thelathini na kitu tu, lakini usizipime kwa kilomita za barabara ya Segera. Hii ni sababu yangu nyingine ya kuchagua Sigi: Noah zinabaki chini, na siku mkitaka kuona juu, Prado inapeleka wazee na wadogo, wakubwa wanapanda kwa miguu na mwongozaji. Njiani watawaonyesha iliki na mdalasini shambani, na msambu, ule mti ambao mbegu zake zinakamuliwa mafuta. Bustani ya juu ilianzishwa mwaka 1902, kuna miti ya kila pembe ya dunia, na watoto watachoka vizuri walale mapema.

Kuni: ile ni hifadhi, usikate, na usiokote bila kuuliza ofisini. Beba mtungi mdogo wa gesi. Mkaa unaweza kununua Muheza, lakini kuwasha mkaa uliolowa asubuhi ya ukungu na watoto saba wanadai chai, sikutakii.

Umande pia. Usiku hewa baridi inashuka na bonde, inafuata mto kama maji yenyewe yanavyofuata. Wa mchangani ataamka turubai linadondosha. Hiyo ya juu kidogo inakuwa kavu zaidi. Mfanye na kitu kimoja: kabla ya kupigilia vigingi tazama juu ya kichwa, si chini. Tawi kavu lililoning'inia linasubiri upepo. Hamisha hema, usibishane nalo.

Nyoka wapo, msitu gani hauna? Mama mkwe mwambie atembee na tochi, asiweke mkono asipopaona, viatu vilale ndani ya hema. Kero yenyewe ya pale ni siafu. Wanapita kwa mstari usiku, na wakiamua njia yao ni kwenye hema lako, hema si lako tena. Chakula chote kiingie kwenye gari, hata pakiti ya biskuti ya mtoto iliyo chini ya mto wa kulalia. Mkiuona mstari jioni, hamisheni hema mapema. Majivu yanasaidia kiasi, lakini siafu hawafukuzwi, hupishwa.

Kijana wa Tandale

Mzee umeniharibia. Nilikuja kucheka, sasa nauliza bei.

Nesi wa Korogwe

Hifadhi iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, malipo yake ni kwa namba ya malipo ya serikali. Raia ana kiwango chake na mgeni wa nje chake. Pigeni simu ofisi ya hifadhi wawape namba, mlipie mkiwa bado mnapata mtandao mzuri, msisubiri getini. Na mkipiga, waambieni kabisa mna watoto saba na bibi mtu mzima, muulize na habari ya choo. Wakijua mapema wanawapangia sehemu.

Mama Pacha wa Mbezi

Tumekubaliana Sigi, juu, karibu na nyumba ya reli. Mume wangu ametaka iandikwe kwamba amekubali kwa hiari. Shemeji atapanda Amani na Prado siku ya pili, sisi wengine kwa miguu. Mzee, neno la mwisho: tukitoka Dar saa kumi alfajiri tutafika mchana? Nataka tupige mahema kukiwa kweupe.

Dereva wa Chai

Mkitoka saa kumi, Chalinze na Segera zikiwanyookea, saa sita hivi mko Muheza, kula na kukojoa humohumo. Hapo msikimbilie geti. Simameni, nunueni machungwa, ndizi na maji ya akiba, halafu mumtafute dereva wa gari la abiria aliyeshuka Amani asubuhi hiyo. Muulize mambo mawili: kuna tope wapi, na jana usiku juu kulinyesha? Akisema kulinyesha kweli, watoto wakae nje ya maji siku hiyo, na Noah zote mbili zifuate nyuma ya Prado, siyo mbele. Mahema yawe yamesimama kabla ya saa kumi na moja, chini ya miti ile jua linaondoka mapema.